Mawimbi ya Kichwa cha Kilonzo

Siku ile mjinga alikuwa Kilonzo, na ukimuuliza atakubali kabla hujamaliza swali. Aliyemwita mama mkwe wake katika chumba kile alikuwa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kutumwa na bila kulazimishwa.

Kilonzo alikuwa mchongaji wa Wamunyu, mwenye mikono ya kumtoa twiga ndani ya gogo na mdomo wa kumfanya twiga huyo acheke. Hakuna matanga aliyohudhuria bila kuwavunja mbavu wachimba kaburi. Kisha siku moja gogo la mpingo liliporomoka kutoka kwenye rundo pale karakana, likampiga kisogoni. Tangu hapo kichwa kilikuwa kinamuuma. Kilianzia nyuma ya jicho la kulia, kikapanda utosini, kikashuka shingoni, na mwanga wa jua ukawa kama mchanga unaomwagwa machoni. Tezo ilimponyoka mkononi. Akilalamika, wenzake walicheka.

"Kilonzo, hiyo kichwa inauma ama ni twiga imekupiga teke?"

"Twiga gani? Ni ile ya mteja aliyekataa kulipa, imerudi na hasira."

Alijibu hivyo kwa sababu hakujua kujibu vingine, nao wakacheka zaidi. Mzaha ulikuwa umemtafuna maneno yote. Alipotaka moja la kusemea kweli, halikuwepo.

Mkewe, Ndinda, alimwamini mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mvua ikakosa, akalima peke yake shamba lisilotoa hata maharagwe ya mbegu, huku mumewe amelala ndani na kitambaa usoni. Akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake, Masinga. Mama huyo, Kalondu, akatuma neno: mkwe asionekane huko mpaka awe na kitu cha kuonyesha kwamba anaumwa, kwamba si uvivu. Jumamosi angekaa na wajomba wakate shauri, Ndinda arudi au asirudi. Na yeyote aliyemjua Kalondu alijua kwamba wajomba wangeitwa kunywa chai tu.

Sasa, mtu mwenye akili angetulia. Kilonzo alikwenda Masinga hivyo hivyo, akaogopa kufika bomani, akaishia pale vijana wa boda boda wanapoegesha baiskeli zao. Huko akawachekesha wee, akawaambia kuna daktari msichana Machakos mjini, amesoma China, anachoma vikongwe sindano za magoti na wanaondoka wakicheza. "Waambieni hata mama mkwe aende," akasema. "Akipona magoti atapunguza kukalia watu." Wakacheka. Na kwa kuwa kila mzigo wa Masinga hupita kwa boda boda, maneno nayo yalipanda baiskeli.

Daktari mwenyewe hakuwa mzaha. Aliitwa Asmaa, binti wa Mohamed muuza viungo wa mtaa wa Majengo, na alitibu katika chumba kilichokuwa stoo nyuma ya duka la baba yake, karibu na msikiti. Ukiingia ulinusa iliki kwanza, halafu spiriti. Mwaka ule alikuwa ameazimwa mashine kutoka Nairobi, ya kupima mawimbi ya ubongo. Alitaka kujua kitu kimoja: ukichoma sindano mkononi au mguuni, mahali ambapo Wachina wanasema ni penyewe, je, kichwani kunatokea nini? Ukichoma pembeni kidogo, mahali pasipo na jina, kunatokea kingine? Alikuwa akitafuta watu wa kuumwa na kichwa. Kilonzo aliposikia kwamba mawimbi hayo yanachorwa kwenye karatasi, moyo wake uliruka. Karatasi! Kitu cha kuonyesha!

Ndivyo alivyojikuta Ijumaa ile asubuhi amelala chali kwenye kitanda chembamba, kichwa kimeoshwa bila mafuta, kimebandikwa visahani vidogo vya chuma kwa gundi baridi. Kila kisahani kilikuwa na waya wake, na nyaya zote zilikwenda kwenye mashine pembeni, ambako kalamu zilisimama kwa mstari zikisubiri karatasi ipite chini yake. Suruali yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mlango, maana ilikuwa ya kubana na sindano moja ilitakiwa chini ya goti. Alibaki na chupi na leso ya kujifunga ya shangazi wa daktari, ambayo ilimfunika kadiri ilivyopenda yenyewe.

"Nisikilize, bwana Kilonzo," Asmaa alisema. "Macho yafumbe. Usiongee, usicheke, usikohoe, usimeze mate kwa kelele. Ukikaza hata taya, kalamu zinaruka na kazi yote inakuwa takataka."

"Na nikitaka kupiga chafya?"

"Utaitaka kesho. Umeme wetu leo ni mpaka adhuhuri, na mashine inarudi Nairobi jioni. Hakuna mara ya pili."

Ulikuwa mwaka wa kiangazi, bwawa la umeme la Masinga limekauka hadi vibanda vya wavuvi vikawa vimekaa katikati ya matope, na nchi nzima ilikuwa inagawiwa stima kama uji wa shule. Kilonzo alitaka kusema kwamba hata stima yenyewe inatoka kwa wakwe zake, ndiyo maana haimpendi. Akakumbuka, akafunga mdomo.

Sindano ya kwanza iliingia katikati ya kidole gumba na cha shahada. Alitegemea maumivu, akapata uzito, kama mkono umelaliwa na ng'ombe mpole. Ya chini ya goti ikafuata, na ya mguuni juu kidogo ya vidole, kila moja na uzito wake, mpaka akahisi amegongomewa kitandani kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Kalamu zikaanza kunong'ona. Na lile jicho la kulia, lililokuwa limemwamsha alfajiri kwa kumpigapiga, likaanza kupoa. Taratibu. Kama mtu anayepunguza redio ya jirani.

"Mashaallah," Asmaa alinong'ona. "Mawimbi yamepanuka. Yanakwenda sawasawa kama matuta ya shamba."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

"Ingia, mama, huko nje jua litakumaliza," ilisema sauti ya Zaituni, yule shangazi mwenye leso, aliyekuwa akipokea wagonjwa. "Lala kitanda hiki. Hapo upande wa pili pana mtu, lakini pana pazia."

Pazia lenyewe lilikuwa leso nyingine imepitishwa kwenye kamba. Nyuma yake kitanda kililia, na mtu akashusha pumzi ndefu.

"Aiyaa, hii magoti yangu! Nimetoka Masinga na giza. Wale vijana wa baiskeli wameniambia hapa watu wanacheza."

Kilonzo aliijua sauti ile kabla haijamaliza neno la kwanza. Damu yake yote ilikimbilia miguuni, ikakuta sindano, ikarudi.

Asiye Mkamba anaweza kuona hapa hakuna kisa. Mama mkwe yuko upande huu, mkwe upande ule, basi wasalimiane. Lakini kati ya hao wawili kuna nthoni, heshima iliyochanganywa na aibu mpaka huwezi kuzitenganisha. Wakikutana njiani, mkwe anaingia kichakani apishe. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wote wanasikia. Akikaribia mahali alipo mama mkwe hukohoa kutoka mbali, ili mama ajue na ajiepushe. Kulala chumba kimoja naye, na suruali iko mlangoni, hicho ni kitu ambacho hata kwa mzaha Kilonzo hakuwahi kukitaja.

Heshima ilimtaka akohoe. Mashine ilimtaka asikohoe. Akikohoa, ameokoa heshima na amepoteza karatasi, na Jumamosi Ndinda harudi. Asipokohoa, anakuwa mtu anayemvizia mama mkwe wake huku mwenyewe yuko nusu uchi. Koo likaanza kuwasha, koo lile lile ambalo asubuhi yote lilikuwa kimya.

Asmaa alikuwa ameshapita upande wa pili. "Nyoosha miguu, mama. Hivyo. Sasa usikunje magoti hata kidogo mpaka nije kuzitoa. Ukikunja, sindano itapinda ndani." Kisha akarudi kwa kalamu zake, bila kujua kwamba amewagongomea wakwe wawili katika chumba kimoja.

Na Kalondu, kama kila mtu aliyeambiwa alale asitikisike, alianza kuongea.

"Wewe uko na watoto?" alimuuliza Zaituni.

"Wawili, mama, wote wameolewa."

"Waume wao wanafanya kazi?"

"Wanajaribu."

"Basi shukuru. Mimi wangu aliolewa na kichwa. Si mtu, ni kichwa! Wakati wa jembe, kichwa inauma. Wakati wa kuni, kichwa inauma. Wakati wa karata pale sokoni, hiyo kichwa iko wapi? Imepona. Ati aligongwa na mti. Huo mti ndio ningehurumia mimi."

Zaituni alicheka kile kicheko cha wanawake wa Majengo, cha kupiga paja.

"Cheka, mwaitu, cheka tu mama, mimi nimelia yangu imeisha. Msichana analia usiku, ananiambia, mama, anaumwa kweli. Nikamwambia, kama anaumwa kweli, mbona kila siku anachekesha watu? Umewahi kuona mtu wa kuumwa akichekesha? Mimi siwezi kutoa mtoto wangu aende kulimia mchekeshaji."

Kilonzo alilala. Kitu kimoja alichokuwa nacho maishani, ulimi, kilikuwa kimefungwa, na majibu yalikuwa yanamjia moja baada ya jingine, mazuri, ya moto, yakafika kwenye meno na kurudi yakikwaruza. Ile ya mti pekee alikuwa na majibu matatu. Dari ya mabati ilikuwa inalia kwa joto. Jasho lilitoka kwapani, likatambaa ubavuni kama siafu, naye hakuwa na mkono wa kulipangusa. Leso ilikuwa imeanza kuteleza. Aliihisi inavyokwenda, pole pole, na hakuna alichoweza kuifanya.

"Na Jumamosi nitasema," Kalondu aliendelea. "Kuna mtu anaitwa Erastus, alifiwa na bibi, ako na posho mill, anasagia watu unga pale Kithyoko. Ameuliza habari ya Ndinda kwa adabu. Hana kelele. Hata kikohozi hana."

Wakati ule ule Asmaa aliinama akaizungusha sindano ya chini ya goti. Kalamu zikabadilika. Matuta mapana yakasambaratika, yakawa mistari midogo ya haraka haraka, kama kuku anayeparua.

"Shangazi! Njoo uone!" Asmaa alisahau kunong'ona. "Nimezungusha tu, papo hapo ubongo wote umeamka! Usitikisike, bwana Kilonzo, umefanya vizuri sana! Kichwa cha Wamunyu hiki, kitanipeleka mbali!"

Nyuma ya pazia Erastus alisahauliwa. Halafu:

"Kilonzo gani?"

Kalamu ziliendelea kuparua.

"Zaituni. Huyo ni Kilonzo gani?"

Kitanda kililia, Kalondu akajaribu kuinuka, na Zaituni akamdaka mabega. "Mama, magoti! Sindano! Tulia!"

"Nitoe hapa!"

"Dakika, mama, dakika chache," Asmaa aliita, bado ameshika kalamu zake kwa macho. "Bwana Kilonzo, usijibu lolote. Umeme bado upo."

Basi wakalala hapo, yeye na yeye, kila mmoja amechomekwa kwake, na kilichowatenganisha ni kipande cha kitambaa kilichokuwa kinapepea kila mtu akipumua. Kalondu alipoona hawezi kwenda, akageuza uso ukutani, akaongea na Zaituni kwa sauti ya kusikika hadi dukani.

"Muulize hana koo? Muulize watu wa kwao hawakohoi? Mtu analala kama nyoka kwa mawe, anasikiliza mama ya bibi yake? Mwambie yeye si mwanaume, ni redio iliyozimwa! Ajibu basi! Si anajua kujibu? Ako wapi mdomo wake ya Wamunyu?"

Kilonzo hakujibu. Alimfikiria Ndinda, akazifikiria kalamu, akaubana ulimi kwenye meno bila kukaza taya, jambo ambalo si rahisi, jaribu uone.

Asmaa sasa alikuwa amekunja uso. Msichana yule alikuwa mkweli kuliko ilivyomfaa. Alitazama karatasi, akatazama pazia.

"Mama, naomba unyamaze kidogo tu."

Kimya kikaingia. Matuta yakarudi, mapana, sawasawa. Asmaa akaizungusha sindano. Matuta yakaendelea, pengine yakapanuka zaidi. Akazungusha tena. Hayakushtuka.

"Haya, mama. Sema kitu chochote."

"Niseme nini?"

Kuku akaparua karatasi nzima.

Zaituni alilazimika kuketi chini kwa kicheko. Asmaa hakucheka. Aliinama arudie mara nyingine, na hapo mashine ikatoa mlio kama wa mtu anayekata tamaa, kalamu zikaanguka kila moja mahali pake, na feni ya ukutani ikazunguka mwisho mwisho ikasimama. Stima ilikuwa imeondoka.

Kilonzo alifumbua macho. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukohoa. Alikohoa kikohozi kirefu, cha heshima zote zilizochelewa, na kwa mkono wake usio na sindano akaivuta leso ikarudi kazini.

"Umechelewa!" lilisema pazia.

"Daktari," Kilonzo alisema, sauti imekauka, "niambie tu. Hiyo karatasi inaonyesha kwamba ninaumwa?"

Asmaa aliikunjua mikononi, ndefu kama shuka. Aliifuata kwa kidole tangu mwanzo.

"Sitakudanganya. Inaonyesha uliingia na ubongo wenye fujo, na tulipochoma sindano ukatulia. Labda ni sindano, labda ni kwa sababu ulilala. Mtu mmoja hatoshi kunijulisha. Kule kuamka nilikokufurahia, hiyo haikuwa sindano. Ilikuwa ni mama. Na maumivu, bwana Kilonzo, maumivu hayachorwi hapa. Hakuna kalamu ya maumivu."

Alihisi kitanda kikimmeza. Asubuhi yote amelala kama mzoga, ametukanwa akanyamaza, amevunja nthoni ya kwao, ili apate shuka la kuparuliwa na kuku. Sindano zilikuwa zimechomolewa, mikono yake yote miwili ilikuwa sasa huru, na hakuwa na pa kuipeleka.

"Zaituni," alisema hatimaye, kwa adabu, kwa mtu wa tatu kama inavyotakiwa. "Mwambie mama nilitaka kitu cha kumwonyesha. Nimekikosa. Mwambie Erastus ni mtu mzuri. Lakini mwambie kichwa kinauma."

Hakukuwa na mzaha ndani yake, hata wa kutia chumvi. Zaituni alifungua mdomo apitishe ujumbe, Kalondu akamkata.

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Akageuza kichwa. "Wewe daktari. Huyu alianza kulala hapo kabla mimi sijaingia?"

"Kabla, mama. Kitambo."

"Na yote nimesema alisikia? Ya mti? Ya karata?"

"Yote."

"Ya redio?"

"Hata hiyo."

"Na ulikuwa umemfunga mdomo?"

"Hapana. Nilimwambia tu kwamba akiongea, matibabu yanaharibika."

Kalondu alishusha pumzi, ile ile aliyoingia nayo. "Hiyo karatasi yako sijui kusoma na sitaki kujua. Lakini huyo namjua tangu aje kwangu na wazee. Siku ya kuzika baba yangu alichekesha padri. Kama amelala hapo ametukanwa namna hiyo na hakutoa hata moja, basi kichwa inamuuma. Inamuuma sana. Zaituni, mwambie aje Jumamosi achukue bibi yake, na huyo bibi awe anamleta hapa kwa hizi sindano hadi kichwa ipone. Na Erastus nitamwambia aoe posho mill."

Kilonzo hakujua kwamba mtu anaweza kulia amelala chali. Machozi huingia masikioni. Na kwa kuwa alikuwa amefunguliwa, na kwa kuwa alikuwa Kilonzo, hakuweza kuliacha jambo likalala.

"Zaituni, mwambie mama asante. Ila muulize, nthoni imevunjwa hapa, na ikivunjwa lazima mbuzi achinjwe. Nani anamtoa? Mimi nilikuwa nimelala zangu. Yeye ndiye aliyenikuta."

"Mwambie angekohoa!"

"Mwambie nilikatazwa na daktari."

"Mwambie basi mbuzi atolewe na daktari!"

"Mimi?" Asmaa aliruka. "Mimi sina hata kuku!"

"Jamani, si mgawane," Zaituni alisema akijipangusa macho. "Kila mtu nusu mbuzi. Wote mmekutwa, wote mmekuta."

"Sawasawa," Kilonzo alidakia upesi. "Mwambie mama hapo ni haki. Tulikuwa chumba kimoja, tumechomwa sindano za aina moja, tumelala vitanda vya aina moja. Tofauti yetu ni nini?"

Pazia lilipepea mara moja.

"Mwambie," alisema Kalondu, "mimi niko na nguo."